Antena ya gari ya mita 20: kuipeleka 40, 15 na 10 bila kubeba fimbo nne

Tabata_Relini (Ijumaa, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni wakuu. Nina antena ya gari ya redio ya ridhaa, ya bendi ya mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, si wa antena), ile aina ya fimbo ya fibaglasi iliyoviringishwa waya mwembamba na kufunikwa mpira mweusi, juu ina kifimbo cha stili kinachosogezwa. Urefu wote ni m 2.1, tredi ya chini ni 3/8. Imefungwa kwenye ukingo wa bodi la nyuma la Hilux dabo kebini. Redio ni ya wati 100, koaksi (kebo ya antena) ni RG-58 ya mita 5. Mita 20 inatoka vizuri, SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi kwenye redio, 1 ndiyo bora) ni 1.4 kwenye MHz 14.200.

Sasa nataka 40 kwa ajili ya mikoani na nchi jirani, 15 na 10 kwa masafa ya mbali. Kununua fimbo ya kila bendi naona ni mzigo, na kushuka kwenye gari kubadilisha fimbo kila saa ni kero. Je, naweza kuongeza koili chini ya hii niliyonayo? Au tuna, yaani kile kifaa cha kulinganisha antena na redio, ya ndani ya redio itatosha? Nina NanoVNA (kifaa cha kupima antena) na chuma cha kulehemu, na naweza kufika Kariakoo na Gerezani kutafuta vifaa. Leseni ninayo, hapo hakuna shida.

---

Koaksi50 (Ijumaa, saa 3:05 usiku)

Mkuu Tabata, hiyo ya fibaglasi iache ifanye kazi yake ya mita 20. Waya wake ni mwembamba na umebanana, kwa hiyo koili yake tayari inakula umeme mwingi. Ukiweka koili nyingine chini yake ili ishuke hadi 40 unapata hasara juu ya hasara. Na kwenda juu, yaani 15 na 10, huwezi kabisa, kwa sababu huwezi kupunguza mizunguko iliyofunikwa ndani ya mpira.

Tuna ya ndani ya redio usiitegemee. Nyingi zimeundwa kurekebisha SWR hadi 3 tu. Kwenye 7.1 MHz fimbo ya mita 20 inakuwa na riaktansi (ukinzani wa masafa usiogeuka joto) ya kama omu 1,000, na hata tuna kubwa ikifanikiwa kuidanganya redio, mawimbi yatakuwa yanakwenda na kurudi ndani ya ile RG-58 yakigeuka joto. Redio inatulia, hewani hakuna kitu. Tuna inayofanya kazi kweli ni ile ya kufungwa chini kabisa ya antena, nje ya gari, na hiyo bei yake ni nyingine.

Njia zilizobaki ni tatu. Kuna mlingoti mmoja wenye koili kadhaa zilizosimama pamoja juu yake, kila moja na bendi yake, kama wanavyofanya kampuni ya Hustler. Inafanya kazi, ila ukigusa moja nyingine zinahama, na upepo wa barabarani unaisukuma mno. Kuna ile ya koili inayopanda na kushuka kwa mota. Don Johnson wa Marekani, alama yake ya wito W6AAQ, aliendesha ya kwake kwa mota ya bisibisi ya betri, na jina la bisibisi likabaki mpaka leo. Ni nzuri sana, lakini kuitengeneza kunahitaji fundi wa leti (mashine ya kukerezea) mwenye subira, na migusano ya ndani ikiingia vumbi na chumvi antena inaanza kukatakata.

Ya tatu ndiyo ningekushauri: koili moja kubwa ya wazi katikati, na klipu ya kuchagua bendi. Utashuka kwenye gari, ndiyo, lakini ni sekunde kumi, na hasara yake ni ndogo kuliko zote zilizotajwa hapo juu. FundiMasafa ana vipimo, ngoja aje.

---

FundiMasafa (Ijumaa, saa 4:40 usiku)

Nimefika. Mkuu Tabata, vipimo hivi ni vya hesabu, vitakufikisha karibu, kisha NanoVNA ikumalizie.

Mlingoti wa chini ni bomba la alumini la mm 12, urefu sm 85. Juu yake koili yenye urefu wa sm 15. Juu ya koili fimbo ya stili isiyoshika kutu, unene mm 3, urefu m 1.5. Jumla m 2.5. Urefu huu sikuuokota tu: 71.3 gawanya kwa MHz 28.4 ni m 2.51, yaani robo ya wimbi ya bendi ya mita 10. Kwa hiyo mita 10 unaifungia koili yote shoti na antena inafanya kazi bila koili. Bendi nyingine zote zinapatikana kwa kuachia mizunguko.

Koili iviringishe juu ya bomba la PVC la kijivu la mm 50. Waya ni ule wenye vanishi wa kuwaindi mota, unene mm 1.5 hadi 2. Mizunguko 50, na kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya waya wa pili iwe mm 3. Usiibananishe. Nafasi kati ya nyaya ndiyo inayopunguza hasara na ndiyo inayokupa mahali pa kushika klipu. Waya utakaotumika ni kama mita 8.2, chukua 9. Kupata nafasi sawa, viringisha waya na uzi wa mshipi wa kuvulia kwa pamoja, kisha toa mshipi baada ya kuweka mistari minne ya gundi ya epoksi kwa urefu wa bomba. Epoksi iwe mistari tu, usipake bomba zima.

Bomba la maji jeusi usilitumie hata kama ndilo liko mkononi. Weusi wake ni kaboni, na kaboni ndani ya koili ni sawa na kuweka kinzani. Litapata moto na kulainika.

PVC peke yake haitahimili matuta. Weka ndani fimbo ya fibaglasi ya mm 20 kama uti wa mgongo, na vizibo viwili vya plastiki pande zote vinavyoikamata. Fundi wa leti atakwambia nailoni. Inakubali kuchongwa vizuri lakini inanyonya unyevu, na kwa hewa ya Dar hilo si jambo dogo. Bolti za kuunganishia mlingoti na fimbo zisiingie ndani ya koili zaidi ya sm 2 kila upande. Chuma kinachopita katikati ya koili kinaiua.

Tredi ya chini: ni 3/8 tredi laini, nyuzi 24 kwa inchi. Madukani watakupa M10 wakikwambia ni hiyohiyo. M10 ni mm 10, ya 3/8 ni mm 9.5. Ukiilazimisha kwa spana unaharibu kikalio cha antena, na mgusano wake hautakuwa wa uhakika tena.

Klipu: chukua utepe wa shaba uliosukwa, uufunge chini ya koili, yaani pale inapoanzia kwenye mlingoti, ncha yake iwe na klipu mamba ya shaba. Inashika mzunguko unaoutaka, na mizunguko yote iliyo chini ya klipu inakuwa imefungwa shoti. Mizunguko inayofanya kazi ni ile ya juu. Hesabu kutoka juu:

mita 40, kama 45;
mita 30, kama 24;
mita 20, kama 13;
mita 17, kama 8;
mita 15, kama 6;
mita 10, sifuri.

Tegemea kuongeza mzunguko mmoja au miwili hasa kwenye 20 kwenda juu, kwa sababu mizunguko iliyofungwa shoti iko jirani na ile inayofanya kazi na inaipunguzia nguvu. Kuiacha wazi bila kuifunga shoti ni kubaya zaidi: inapandisha volti na kuzua rezonansi (masafa ambayo antena inayaitikia yenyewe) za ajabu.

Kwa nini klipu iwe upande wa chini na si wa juu? Kwenye mita 40 ukirusha wati 100, na jumla ya ukinzani wa antena ni kama omu 15, mkondo ni ampea 2.6. Koili ina riaktansi ya omu 1,500. Zidisha: karibu volti 3,900 kati ya chini na juu ya koili. Volti hizo zinasimama upande wa fimbo. Klipu na utepe wake vikiwa chini vinabaki kwenye volti za mlingoti, ambazo ni ndogo mno ukilinganisha. Hata hivyo usiguse chochote redio ikiwa inarusha, na watoto wasisogee.

Utaratibu wa kuweka masafa ni muhimu kuliko vipimo vyenyewe. Anza na mita 10: funga koili yote shoti, kata au sogeza fimbo ya juu mpaka rezonansi iwe 28.4. Baada ya hapo fimbo usiiguse tena. Nenda 15, tafuta pa kushika klipu. Kisha 20, mwisho 40. Ukianza na 40 kwa kukata fimbo, 10 itakukimbia.

Kila ukipata mahali, kwangua vanishi hapo tu, lehemu kijipete kidogo cha waya kinachotokeza nje, klipu iwe inashika hicho. Kwenye mita 20 mzunguko mmoja mzima unahamisha karibu kHz 700, kwa hiyo utacheza na robo ya mzunguko na hata chini ya hapo. Kwenye 40 mzunguko mmoja ni kama kHz 90.

---

Mwana_Kunduchi (Jumamosi, saa 1:20 asubuhi)

Asante FundiMasafa. Naongezea upande wa gari, kwa sababu hapo ndipo antena nyingi za 40 zinapofia na watu wanalaumu koili.

Ukinzani ambao kweli unarusha mawimbi, kwa antena ya m 2.5 kwenye mita 40, ni kama omu 2.5 tu. Koili nzuri inakula 7 au 8. Bodi la gari na ardhi iliyo chini yake vinakula vyao, na hicho ndicho kiasi kinachotofautiana sana kati ya gari na gari. Gari lililoungwa vizuri tuseme 8. Jumla 18. Kati ya wati 100 zinazofika, 14 tu ndizo zinazoruka. Gari lisiloungwa, hasara ikafika 30, unabaki na wati 6. Kwenye mita 20 hali ni tofauti kabisa, pale zaidi ya nusu inaruka, ndiyo maana umeona 20 inatoka vizuri bila shida.

Kwa Hilux, bodi la nyuma na kebini ni vipande viwili vilivyokaa juu ya fremu, kila kimoja kina rangi yake na raba zake. Kwa macho ni gari moja, kwa masafa haya ni visiwa. Viunge kwa utepe wa shaba wa upana wa mm 25: bodi la nyuma hadi fremu, pembe zote nne kama inawezekana, kebini hadi fremu, pande mbili, boneti hadi bodi, kwenye bawaba zote mbili, mlango wa nyuma wa bodi, na ekzosi, angalau sehemu mbili, kwa sababu ni bomba refu linaloning'inia kwenye raba na linarusha kelele za injini. Kila utepe usizidi sm 20 hadi 30. Waya mwembamba mviringo hautoshi, hata kama mita ya omu inasoma sifuri.

Namna ya kuunga: kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, eneo la sarafu ya shilingi 200. Paka grisi, weka taminali ya shaba iliyopakwa bati, washa ya meno, bolti ya stili isiyoshika kutu, kaza, kisha funika kwa rangi au silikoni. Usifungie shaba tupu moja kwa moja juu ya alumini. Kwa sisi tulio karibu na bahari, Kunduchi, Msasani, Kigamboni, shaba na alumini zikikutana na unyevu wa chumvi unapata unga mweupe katikati na SWR inayocheza kila gari likitikisika. Na utepe wa kusuka ukiachwa wazi unageuka kijani mpaka ndani ya nyuzi zake. Uvalishe mpira, au tumia ukanda wa shaba bapa.

Kikalio chenyewe kiweke juu ya ukingo wa bodi la nyuma, si kwenye bampa. Kwenye bampa koili itakuwa sambamba na kuta za bodi, na kila kilicho karibu na koili kinaivuta. Kwenye ukingo, koili inakaa juu ya paa la kebini, mahali pake. Lakini kumbuka sasa ncha ya fimbo iko kama m 3.5 kutoka barabarani, na ina volti elfu kadhaa wakati wa kurusha. Nyaya za umeme za mitaani zinazoning'inia, matawi, milango ya maegesho: ilaze kabla hujaingia. Funga mishipi miwili ya nailoni kutoka juu ya koili kwenda pembe za gari ili isilale nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Mwisho, koaksi. Weka choko pale inapounganishwa na antena: RG-58 mizunguko 8 hadi 10 kwenye pete ya feraiti FT240-31. Bila hiyo, ngozi ya nje ya koaksi inakuwa sehemu ya antena, na masafa uliyoyapima yanahama ukiisogeza tu.

---

Tabata_Relini (Jumapili ya wiki iliyofuata, saa 10:30 jioni)

Wakuu nashukuru sana. Nimejenga kama mlivyoelekeza, mizunguko 48 badala ya 50 kwa sababu waya uliisha. Majibu ya NanoVNA, nimeipima kwenye kikalio cha antena:

Mita 10: 28.3, ukinzani omu 44. Mita 15: mzunguko wa 7 kutoka juu, 21.2, omu 36. Mita 20: mizunguko 14 na robo, 14.2, omu 27. Mita 40 bila klipu, mizunguko yote: 6.93, omu 48.

Nimefurahi kuona 40 ina SWR karibu 1.1 bila kufanya lolote, inabaki kuisogeza ipande hadi 7.1. Ila ukifungua mlango wa nyuma wa bodi inahama kHz 30, na mvua ya juzi ilipoloanisha koili ilishuka zaidi ya hapo. Bomba nilipata la kijivu. Tepe za bodi nimeweka mbili, upande wa dereva tu, bado ekzosi na boneti.

---

FundiMasafa (Jumapili, saa 12:15 jioni)

Kazi nzuri mkuu. Mita 10, 15 na 20 namba zako zinaeleweka. Ya 40 inanitia wasiwasi, na SWR hiyo ya 1.1 isikufurahishe.

Mwana_Kunduchi alihesabu jumla ya ukinzani kama 18. Wewe una 48. Hizo omu 30 za ziada hazirushi chochote, zinapasha moto kitu fulani. SWR ya 1.1 kwenye mita 40 kwa fimbo ya urefu huu, bila koili ya kulinganisha (ya kuifikisha antena kwenye omu 50 za redio), ni dalili ya upotevu. Antena nzuri hapa inatakiwa ikuonyeshe SWR kati ya 2.5 na 3 kabla ya kulinganishwa. Ndiyo, inashangaza mara ya kwanza, lakini ndivyo hesabu ilivyo: 50 gawanya kwa 18 ni 2.8.

Mlango wa nyuma umekupa jibu tayari. Kama kuufungua kunahamisha masafa, mkondo unapita kwenye bawaba zake, na bawaba zenye rangi na grisi ni kinzani. Maliza tepe kama Mwana_Kunduchi alivyoeleza, upime baada ya kila utepe. Utaona omu zinashuka moja moja, na kila inaposhuka ndivyo wati zinavyopanda hewani. Andika kila kipimo. Ukifunga utepe na namba isibadilike, ama haujagusa chuma au kipande hicho hakikuwa tatizo.

Kama baada ya tepe zote bado uko juu ya 25, tazama koili. Rusha wimbi tupu (lisilo na sauti) la wati 50 kwa nusu dakika kwenye masafa yasiyo na mtu, ukijitambulisha kwa alama yako ya wito, zima redio kabisa, kisha shika koili. Joto kidogo sehemu yote ni kawaida. Sehemu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, hapo kuna kiungo kibovu au epoksi nyingi. Angalia pia pale waya wa koili unapoungana na bolti ya juu: vanishi ikibaki hata kidogo chini ya taminali, unapata mgusano nusunusu.

Kupanda kutoka 6.93 hadi 7.1 usikate fimbo. Unahitaji kHz 170, na mzunguko mmoja ni kama 90, kwa hiyo klipu ishike mzunguko wa pili kutoka chini. Kwa kusogea kidogo, sm 1 ya fimbo ni karibu kHz 20 kwenye bendi hii. Fimbo iwe na skrubu ya kuibana ili usogeze sm 2 au 3 tu. Mita 10 ni pana na haitajali.

Sasa kulinganisha, utakapofika omu 18 hadi 20. Tengeneza koili ndogo ya waya wa mm 2, mizunguko 8, kipenyo mm 25, ivutwe iwe na urefu wa mm 25 hadi 30. Ifunge kati ya chini ya antena na bodi la gari, nyaya fupi kabisa. Kwa mita 40 unahitaji kama maikrohenri 0.84, ambayo ni mizunguko 7 hivi. Kwa mita 20, ukifika omu 20, nusu ya hapo inatosha, kama mizunguko 5. Kwa 15 na 10 ichomoe, haihitajiki. Ukiifunga utaona bonde la SWR (masafa ambapo SWR iko chini kabisa) kwenye 40 limeshuka kama kHz 50 hadi 60. Hilo si kosa. Koili hii inafanya kazi antena ikiwa fupi kidogo, yaani rezonansi yake yenyewe iwe juu ya masafa unayotumia. Kwa hiyo weka antena peke yake kwenye 7.16, kisha ukifunga koili ndogo utatua 7.1. Faida nyingine: inamwaga umeme tuli wa vumbi na mvua kwenda kwenye bodi, badala ya kuuacha uingie kwenye redio.

Na ujiandae: hasara ikipungua, bendi inakuwa nyembamba. Kwenye 40 utapata kama kHz 60 zenye SWR chini ya 2. Kwenye 20 ni kama kHz 260. Huwezi kuwa na fimbo fupi, hasara ndogo na upana mkubwa kwa wakati mmoja.

---

Mwana_Kunduchi (Jumapili, saa 1:00 usiku)

Kuhusu mvua: maji kati ya mizunguko yanaongeza kapasitansi, ndiyo maana masafa yanashuka. Usiifunge koili kwa tepu, maji yataingia chini yake na hayatatoka. Ivalishe bomba la PVC la mm 110, kifuniko juu, chini wazi au na matundu kadhaa ya mm 5. Pawe na angalau sm 2 za hewa pande zote za koili. Kata dirisha refu upande mmoja kwa ajili ya klipu, dirisha litazame nyuma ya gari. Ukishaivalisha pima upya. Inashuka kidogo na itabaki hapo.

Halafu ulisema mita 40 ni ya mikoani. Fimbo iliyosimama inarusha chini kuelekea upeo wa macho. Morogoro iko kama km 200, mawimbi yanatakiwa yapande karibu wima na kurudi, na fimbo wima ina tundu huko juu. Ukiwa umeegesha, ilaze fimbo nyuma kwa mshipi mpaka iwe karibu sambamba na ardhi, ikiwa mbali na chuma cha gari na mbali na watu. Masafa yatashuka, kwa hiyo sogeza klipu mzunguko mmoja au zaidi kuelekea juu, pima, uweke alama hapo pia.

---

Tabata_Relini (Jumanne, saa 3:30 usiku)

Nimeweka tepe saba zaidi. Omu kwenye 40 zimekwenda hivi: 48, baada ya upande wa abiria 37, mlango wa nyuma 31, ekzosi 24, boneti 22. Mlango nikiufungua sasa haihami. Swali la mwisho: nikirusha wati 100 kwenye SSB (namna ya kurusha sauti), redio inazima yenyewe kwenye vilele vya sauti. Nimeichukulia umeme kwenye soketi ya kiberiti.

---

Koaksi50 (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Hongera, kutoka 48 hadi 22 ni sawa na kuzidisha wati zako za hewani mara mbili na zaidi bila kubadilisha redio.

Soketi ya kiberiti haifai kwa redio ya wati 100. Redio hizo zinavuta ampea 20 na kidogo, fyuzi ya soketi kwa kawaida ni 10 hadi 15, na waya wake ni mwembamba. Vuta nyaya mbili za mm² 6 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mita 4 kwenda na 4 kurudi, kwa ampea 20 unapoteza kama volti 0.46. Ukitumia ya mm² 2.5 unapoteza 1.1, na betri ya 12.4 injini ikiwa imezimwa inafika kwenye redio ikiwa 11.3. Hapo ndipo inapozima. Fyuzi ya ampea 25 au 30 iwe karibu na betri, ndani ya sm 20 kutoka kwenye chanya, si karibu na redio. Ikiwa karibu na redio, waya ukichubuka kwenye tundu la ukuta wa injini hakuna kitakachokata moto. Pale unapopita ukuta huo weka raba.

Baada ya hapo ikiendelea kuzima kwenye 40 tu na si kwenye 10, ni mawimbi yanayorudi ndani ya kebini. Zungusha waya wa umeme na wa maikrofoni mara kadhaa kwenye feraiti ileile ya aina ya 31.

Na kwa vituo vya klipu, paka rangi ya kucha: nyekundu 40, nyeupe 20, na kadhalika. Usiku ukiwa njiani Chalinze na tochi mdomoni, hutahesabu mizunguko 14 na robo.